Je, tuuamini mstari wa kompyuta kabla dada hajafanyiwa upasuaji wa tumbo?

Mkazi wa Mikindani (swali)
Habari zenu ndugu. Dada yangu mkubwa ana miaka 41, urefu wa sentimita 158 na uzito wa kilo 118, na kisukari anacho kwa mwaka wa sita sasa. Daktari wa Dar es Salaam amemshauri akatwe sehemu ya tumbo ili apungue uzito. Mpwa wetu aliingiza taarifa zake kwenye programu ya akili mnemba, nayo ikachora mstari unaoshuka hadi kilo 85 baada ya miaka mitano. Dada ameichapisha karatasi hiyo, ameibandika kwenye kabati la vyombo, na anaizungumzia kama ahadi. Ninaogopa. Programu inajuaje, na ikikosea hukosea kwa kiasi gani?

Mtakwimu, Mtwara Mjini
Ndugu, pole kwa wasiwasi. Programu ya aina hii ninayoifahamu vizuri ni ile ya watafiti wa Lille, Ufaransa, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la The Lancet Digital Health. Walitumia kumbukumbu za watu 10,231 kutoka nchi 10, na baada ya kuchuja mambo mengi wakabakiza saba tu: urefu, uzito, umri, aina ya upasuaji, kuwa au kutokuwa na kisukari, muda wa kuugua kisukari, na uvutaji wa sigara. Kwa hiyo programu haimtazami dada yako. Humtafutia kundi la waliofanana naye kwa mambo hayo saba, kisha humpa matokeo ya kundi hilo.

Kuhusu kosa: kwa mwaka wa tano, kosa la kati lilikuwa 2.8 kwa kipimo cha BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe). Kwa urefu wa dada hizo ni kama kilo 7, yaani takribani nusu ya watu huangukia ndani ya kilo 7 juu au chini ya mstari, na nusu nyingine hutoka nje yake. Kwa kazi ngumu kama hii, mimi naona ni kipimo cha kuheshimiwa.

Muuguzi, Lindi
Naongeza jambo moja ambalo linanigusa sana. Kumbukumbu hizo zilitoka Ulaya, Amerika na Asia, Afrika haimo. Tena katika yale mambo saba hakuna swali linalouliza kama mgonjwa ataweza kusafiri kilomita zaidi ya 500 kwenda kliniki, kama atameza vitamini maisha yake yote, au kama ataanza na samaki kabla ya ugali wa muhogo. Chai yenye sukari nyingi hupita kirahisi hata kwenye tumbo dogo, na uzito hurudi kwa njia hiyo.

Vilevile mstari unaonyesha kilo tu. Sukari ya damu mara nyingi hushuka mapema, kabla uzito haujapungua sana, hivyo dozi za kisukari lazima zipangwe upya na daktari. Karatasi hiyo aende nayo kliniki, amwulize daktari mpasuaji wagonjwa wake mwenyewe wamefikia wapi.

Mkazi wa Mikindani
Asanteni sana. Nimemsomea dada yote jana usiku. Amechukua kalamu, akachora mistari miwili pembeni ya ule wa kwanza, mmoja kwenye 78 na mwingine kwenye 92, kisha akaniomba nimwandikie swali la muuguzi nyuma ya karatasi.