Naomba ushauri: vioo vya trela vinachuruzika maji kila asubuhi

Habarini wadau. Nipo Oregon, Marekani, naishi na mwenzangu kwenye trela ndogo ya kuvutwa na gari. Msimu huu wa mvua na baridi tukiamka vioo vinachuruzika, godoro upande wa ukutani limelowa, na kwenye mpira wa dirisha ukungu mweusi umeshaanza. Fremu ni za alumini, kioo ni cha tabaka moja.

Chanzo nakijua: pumzi zetu, sufuria ya chai, makoti mabichi. Gesi nayo imo, maana kilo 1 ya propani (gesi ya mtungi) ikiungua hutoa maji zaidi ya kilo 1.5, na jiko letu linamwaga yote humu humu ndani. Hita ina bomba la kutoa moshi nje, hiyo haina neno.

Nikiacha wazi kidogo tundu la paani na dirisha la mbele, nafuu inaonekana. Ila baridi inatuua na mtungi unaisha upesi (bei ya gesi mnaijua).

Sasa, mashine ya kukausha hewa: ninunue ya kompresa (inayopoza hewa kama friji), au ile yenye kemikali ya kufyonza unyevu, ambayo nasikia haisumbuliwi na baridi? Ndoo za kalsiamu kloraidi (chumvi inayonyonya unyevu hewani) zinafaa kwa watu wawili kweli, au ni kutupa hela? Na aliyewahi kubandika plastiki ya kuzuia baridi kwenye fremu za alumini, gundi ilishika? Godoro nawaza kuliinua kwa chaga, kama kuna njia bora nielekezeni.