Mistari ya gadeni inatoka fresh ila nyayo zangu zinaiharibu, nafanyaje?

Baba_Ilazo: Wakuu habari za jioni. Nipo hapa Dom, nina kagadeni mbele ya nyumba kama mita 8 kwa 12 hivi, nimepanda ukoka, nikajichanga nikanunua mashine ile yenye rola nyuma ili nipate mistari kama uwanja wa mpira. Mistari inatoka, shida nikigeuka naona nyayo zangu zimejipanga katikati utadhani kapita ng'ombe. Juzi nimekata saa nane mchana mpaka saa kumi na moja bado zipo, mama watoto anacheka tu. Ni viatu au uzito? Nina kilo 94, msinicheke.

Mkata_Majani: Kilo hazihusiki mkuu. Ile mistari ni majani yamelazwa na rola, yaliyolala kukukimbia yanarudisha mwanga unayaona meupe, yaliyolala kuja kwako unayaona ya giza, ndo maana ukienda upande wa pili inabadilika. Sasa na mguu wako nao unalaza kivyake. Jani lenye maji linainuka lenyewe, lenye kiu linabaki chini. Na wewe umekata saa nane, kiangazi cha Dodoma hiki na upepo wake, ulitegemea nini? Nyayo zikiganda hivyo nyasi zinaomba maji hizo. Mwagilia jioni yazame, kata kesho yake asubuhi juu kukishakauka, ukikata mbichi rola inabeba tope.

Baba_Ilazo: Maji yenyewe ya mgao, simtanki moja ya lita 1000 tunagombania na nguo za watoto 😅

Mama_Ukoka: Basi usizinyoe sana kaka, ondoa theluthi tu ya urefu, zikiwa ndefu kidogo udongo haukauki haraka. Halafu mimi naanzia ukuta wa nyuma namalizia getini, na sitembei katikati nyuma ya mashine, najisogeza pembeni miguu ikanyage upande ambao bado haujakatwa, ukirudi mashine inazifuta zile nyayo zote. Mstari wa mwisho miguu inakuwa kwenye pevingi. Siku ya kwanza bega litauma. Na vaa raba yenye soli bapa, sio ile ya meno.

chizi_wa_kizota: nunua mbuzi mkuu, hana mistari na hana nyayo

Mkata_Majani: 😂 Mbuzi hana nyayo? Baba_Ilazo nyongeza, ukoka ni mgumu haulali kama zile nyasi laini za viwanja vya Uingereza, usitegemee mistari ikae wiki. Rola ikiwa nyepesi chukua bomba la plastiki la inchi 4, jaza mchanga, ziba huku na huku, funga nyuma kwa mnyororo.

Baba_Ilazo: Mrejesho wakuu. Nimemwagilia jana, nimekata leo saa tatu kwa staili ya Mama Ukoka, safi kabisa. Zimebaki nyayo nne tu, nilisahau simu kule ukutani nikairudia.