Msumeno wa betri wa "20V": nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limetoboka

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira tangu Jumamosi na nimeona niimwage hapa kabla sijaimwagia watu wa nyumbani ambao hawana kosa.

Nilinunua msumeno wa mviringo wa betri, ule wa kushika mkononi, kwa vikazi vya nyumbani. Mimi si seremala. Ni mtu wa ofisini mwenye meza mbili za kukunja, guni (kile kipimo cha pembe mraba), tepu na kichwa kigumu. Nilitaka kutengeneza kabati la vitabu la plaiwudi ya milimita 18. Mbao mbili za ubavuni, rafu sita, basi. Sikuomba kujenga merikebu.

Boksi limeandikwa 20V kwa namba kubwa kuliko jina la kampuni. Pembeni kuna picha ya jamaa anapasua boriti huku anacheka, hana hata tone la jasho. Chini yake wameandika kwamba kila kitu kimo ndani, fungua uanze kazi. Mimi nikafungua, nikaanza kazi.

Tuanze na hiyo 20V. Ndani ya betri kuna seli 5 za lithiamu zimeungwa mfululizo. Seli ikijaa pomoni inasoma volti 4 na kitu, mara 5 unapata 20. Ukishabonyeza swichi inashuka kwenye kiwango chake cha kawaida cha volti 3.6, na 3.6 mara 5 ni 18. Kwa hiyo 20V ni 18V iliyopigwa picha siku ya sikukuu. Jirani yangu ana mashine za 18V na ni kitu kilekile. Hilo ningelisamehe, matangazo ni matangazo.

Nisichosamehe ni maandishi mengine, yale ya mgongoni mwa betri, niliyoyasoma kwa tochi ya simu: 2.0Ah, yaani ampea-saa 2, kiasi cha chaji inachobeba. Hapo ndipo nilipopigwa. 18 mara 2 ni wati-saa 36. Msumeno huu ukibanwa kwenye plaiwudi unaweza kuvuta ampea 40, yaani wati 700 na zaidi. Gawanya mwenyewe. Dakika 3. Dakika tatu za kukata kwa kukaza, halafu unaenda kuchaji. Na chaja waliyonipa ni ya ampea 1, kwa hiyo ni masaa mawili na ushee unaangalia taa nyekundu. Kukata dakika tatu, kungoja masaa mawili. Hata mfungo una unafuu, unajua magharibi ni saa ngapi.

Tena afadhali ingekuwa ni muda tu. Betri ndogo ina mstari mmoja wa seli, kila seli inabeba mzigo wote peke yake. Betri nene, zile za 4Ah au 5Ah, kwa kawaida zina seli 10, mbili mbili zikisaidiana. Mzigo ni uleule lakini kila seli inabeba nusu. Ndiyo maana betri ndogo hata ikiwa imejaa, ukikaza kidogo volti zinaporomoka na mota inaanza kulia kama mbu. Haikosi chaji, inakosa pumzi. Sasa niambieni, mtu anayetengeneza msumeno hajui hili? Anajua vizuri kuliko mimi. Betri ile inafaa kwenye drili ya kufungia skrubu. Ameichomeka kwenye msumeno kwa sababu ni ya bei ndogo, akaandika 20V juu yake, akalala usingizi.

Sasa Jumamosi. Plaiwudi nzima, mita 2.44 kwa 1.22, nimeilaza juu ya meza zangu mbili. Nimepiga mstari kwa penseli, nimefunga ubao ulionyooka kwa klampu mbili uwe njia ya kuongozea. Miwani ya kinga nimevaa. Nikaanza. Nusu mita ya kwanza, raha. Nikajisifu moyoni, hapo ndipo nilipokosea. Kufika katikati sauti ikabadilika, ikawa nzito, halafu nikasikia harufu ya mbao kuungua. Nikasukuma. (Najua. Msiniandikie, najua.) Msumeno ukasimama, ukashtuka, kisha ukarudi nyuma kwa nguvu ambayo sikudhani betri ile inayo. Uliruka kutoka kwenye mkato, ukala ukingo wa ubao wangu wa kuongozea, ukapita pembeni ya paja langu la kulia umbali wa kiganja. Kiganja kimoja, wakuu.

Nikaachia swichi. Diski ikaendelea kuzunguka. Haina breki! Misumeno mingine ukiachia tu mota yenyewe inaikamata diski, sekunde moja mbili imetulia. Huu unaendelea kuzunguka taratibu kama feni ya sebuleni umeme ukikatika. Nikauweka chini, na hapo nikaona kioja cha pili: kinga ya chini, ile inayotakiwa kujifunga yenyewe kwa springi, ilikuwa imebaki wazi. Kibanzi kidogo cha plaiwudi, chembamba kama kijiti cha kuchokolea meno, kimejibana kwenye egemeo lake. Meno yakagusa sakafu na msumeno ukatembea. Peke yake. Kama kaa. Ukaenda hatua nzima hadi ukagonga mguu wa meza.

Nilikaa chini kwanza.

Niwe mkweli, sehemu ya kosa ni yangu. Plaiwudi niliishikilia miisho miwili tu, katikati ikalegea, mkato ukajifunga na kuibana diski. Meno ya nyuma yakibanwa yanajaribu kupanda juu, na mashine nzima inakurudia. Ilitakiwa niilaze yote juu ya mbao chakavu sakafuni, au juu ya povu gumu, nirekebishe kina diski itokeze chini kiasi cha jino moja, nikate hadi kwenye chakavu. Siku hizi ndivyo ninavyofanya. Lakini kitabu cha maelekezo kina lugha 11 na hakuna hata moja iliyoniambia hivyo. Kuna kurasa mbili za kunionya nisitumie msumeno kwenye mvua.

Tuje kwenye diski. Ile iliyokuja nayo ina meno 24 na unene wa meno wa milimita 2.4. Meno 24 ni ya kupasulia mbao za paa, harakaharaka. Kwenye plaiwudi inachana uso kama paka aliyekasirika. Na unene huo maana yake ni kwamba mota maskini inayolishwa na betri ya dakika tatu inachimba mfereji wa milimita 2.4 wakati ziko diski za 1.6. Theluthi nzima ya unga huo ni mbao iliyosagwa bila sababu. Diski nyembamba ndiyo inayotakiwa kwenye mashine ya betri, na wao wametia nene. Ni kumtwisha punda mgonjwa gunia la mawe halafu umcheke.

Halafu kuna hili la upande. Nilikata uso mzuri ukiwa juu, kama mtu yeyote mwenye akili anavyoweka kitu kizuri juu. Kumbe meno ya msumeno huu yanaingia kutoka chini na kutokea juu, kwa hiyo uso unaochanika ni wa juu. Uso mzuri unatakiwa uangalie sakafu. Niligundua baada ya mbao mbili kuwa na kingo zenye manyoya.

Na bamba la chini, ile sahani msumeno unapokalia. Bati lililokunjwa. Alama ya pembe inasema 0, nikaamini. Nilipounganisha pembe ya kwanza ya kabati ikakataa kukaa. Nikachomoa betri, nikaugeuza msumeno, nikaweka guni kati ya bamba na diski: mwanga unapita. Kwenye unene wa milimita 18 ukingo umelala nusu milimita, kama digrii moja na nusu hivi. Wengine mtasema nusu milimita si kitu. Basi unganisha rafu sita zenye nusu milimita kila upande, uniambie kabati lako linamwangalia nani. Skrubu ya kurekebisha ipo, nimeirekebisha. Ukikaza kitasa cha pembe, bamba linajinyonga tena kidogo. Sasa kabla ya kila kazi napima kwa guni, alama siiangalii kabisa.

Tundu la kutolea vumbi lipo, kwenye picha limechomekwa bomba la kufyonza. Kiunganishi hakimo kwenye boksi. Bila bomba, tundu linapuliza vumbi moja kwa moja juu ya mstari wa penseli na usoni kwangu. Na hili si la kudeka: IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, tangu 1995 limeweka vumbi la mbao kundi la 1, la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Barakoa nilijinunulia. "Kila kitu kimo," walisema.

Nikawaandikia. Ujumbe mrefu, wa heshima, na picha tano. Jibu likaja baada ya siku mbili: "Ndugu mteja, je, umechaji betri hadi mwisho?" Nikajibu ndiyo. Jibu la pili: betri na diski ni vitu vya kuisha, haviko kwenye dhamana. Kwa hiyo dhamana inalinda nini? Mpini?

Na ninyi wa video. Mnaoshika msumeno mkono mmoja, kinga mmeifunga kwa kamba iwe wazi "ili uone mstari". Nimewaangalia sana kabla ya kununua. Hakuna hata mmoja aliyeonyesha betri ikiisha. Mnakata kipande kimoja cha mbao laini, kifupi kama rula, mnasema mashine ni moto. Mnakata video, mbao hamkati.

NYONGEZA 1: Nimesoma majibu yenu. Wanaosema "ungenunua wa waya": sawa, wa waya una wati 1200 na zaidi na haulii kama mbu. Lakini ninapokatia hakuna soketi karibu, ndiyo sababu nilitaka wa betri. Swali langu si betri dhidi ya waya. Swali langu ni kwa nini mtu aniuzie msumeno na kuunyima chakula.

Mkuu uliyeandika "kazi ya useremala si ya kila mtu", asante, nenda kapige randa.

Mwingine ameuliza kama mota ina kaboni. Ndiyo, ina kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme hadi sehemu ya mota inayozunguka; zinaisha kwa kusuguliwa, na za akiba hawakuweka.

NYONGEZA 2: Hii ndiyo imenifanya nirudi kwenye uzi usiku huu. Yule jirani wa 18V kumbe ana msumeno wa kampuni ileile, toleo lililouzwa kabla ya hawa kubandika 20V, na betri zinaingiliana. Kaniazima betri yake ya 5Ah na diski yake nyembamba ya meno 40. Nikachomoa betri, nikabadilisha diski (boliti inafunguka kuelekea inakozunguka diski, nilihangaika nayo robo saa nikiikaza zaidi), nikalaza plaiwudi juu ya mbao chakavu, uso mzuri chini, nikakata.

Wakuu, ulikwenda. Mita mbili na nusu kasoro, mwendo mmoja, bila kulia, bila kuungua, ukingo msafi hadi unapitisha kidole. Nikakata wa pili. Wa tatu. Taa za betri bado tatu kati ya nne.

Mnadhani nilifurahi? Nimekasirika mara mbili! Kumbe mashine si mbovu. Ukiacha bamba lile la bati, mashine inaweza. Wameijua inavyotaka kulishwa, wakaiweka kwenye boksi ikiwa na njaa makusudi, ili nirudi kununua betri kubwa ambayo peke yake inakaribia bei ya seti nzima, halafu diski, halafu kiunganishi cha vumbi. Na kwa kuwa betri zao haziingii kwenye mashine ya kampuni nyingine, sina pa kukimbilia. Nimeshaoa.

NYONGEZA 3, na ndiyo ya mwisho, nina kazi kesho: nimenunua diski yangu ya milimita 165 yenye meno 40. Nimehakikisha kasi iliyoandikwa juu yake inazidi kasi ya msumeno. Nimesahau tundu. Tundu lake ni milimita 20, ekseli yangu ni 16. Mwenye kujua inakopatikana ile pete ya kupunguzia tundu, 20 kwenda 16, iliyochongwa sawasawa, aniambie. Na anayetaka kunishauri nikate mkanda wa bati la mkebe niuzungushie, asijisumbue. Mimi paja langu bado nalihitaji.