Gumzo la ukoo: -nge- mbili, would moja

Familia Uyole, Jumamosi jioni

Bupe (simu ya mama), 19:12
Shikamooni wote. Shangazi, naomba msaada. Kwenye mtihani wa kufunga shule niliandika "If I would wake up more earlier, I would not miss the bus." Nimepigiwa mistari miwili myekundu, maelezo hakuna. Nimeisoma mara kumi sioni kosa.

Shangazi Tumpe, 19:15
Marahaba mwanangu. Nipo na mwiko, nasonga ugali. Nakuja.

Baba mdogo, 19:16
Hata mimi sioni. Ningeamka mapema zaidi, nisingekosa basi. Si ndivyo?

Shangazi Tumpe, 19:31
Mdogo wangu, umegusa penyewe. Neno kwa neno ndivyo, na kosa limetokea hapo hapo. Kwetu -nge- inakaa pande zote mbili: ningeamka, nisingekosa. Kiingereza kina would moja tu, na makao yake ni upande wa matokeo. Upande wenye if unachukua kitenzi cha wakati uliopita, hata kama unasema habari za leo au kesho. "If I woke up earlier, I would not miss the bus." Woke hapo haisemi jana. Inasema jambo haliko hivyo.
Mstari wa pili ni wa more. Ile -er ya earlier ndiyo "zaidi" yenyewe. Ukiongeza more umesema mapema zaidi zaidi.

Bupe (simu ya mama), 19:33
Kwa hiyo more nisiitumie kabisa?

Shangazi Tumpe, 19:38
Itumie kwa maneno marefu yenye -ly: more carefully, more slowly, more quietly. Early ina -ly lakini imejitenga, inakuwa earlier. Fast, hard, late, soon zinachukua -er. Well inakuwa better, badly inakuwa worse, hizo kariri.
Na hard uiangalie sana. Hardly ni neno jingine, maana yake "ni kama hapana". Mtoto akiandika "If I studied hardly, I would pass" amesema angefaulu kwa kutosoma. Nimelikuta kwenye madaftari mengi na linaniuma, kwa sababu mtoto anajua kabisa alichotaka kusema. Miaka 7 ya msingi kasoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza, na hakuna aliyemwambia -nge- yake inakwenda wapi.

Mama Bupe, 19:39
Chaji imebaki 9, harakisheni.

Baba mdogo, 19:42
Dada, kwenye would moja nakukatalia kidogo. Tukiwa foleni mpakani Tunduma, madereva wa Zambia nawasikia: "If I'd left earlier, I'd have crossed already." I'd mbili hizo.

Shangazi Tumpe, 19:47
Umesikia vizuri, na nimefurahi umelileta. Ya kwanza ni had, ya pili ni would. Kinywani zinafanana, kwenye karatasi zinaachana: "If I had left earlier, I would have crossed already." Hiyo ni ya jambo lililokwisha kupita. Wazee wetu wangesema ningaliondoka mapema, ningalikwisha kuvuka. Siku hizi wengi tunatumia -nge- kwa yote, na wakati tunaujua kwa mazungumzo. Kiingereza kinakulazimisha uchague. Wapo Wamarekani wanaosema "If I would have left" wakiongea, lakini kwenye mtihani usiiandike.
Bupe, kukosa basi huko kulikuwa kwa kila siku au kwa asubuhi moja?

Bupe (simu ya mama), 19:49
Asubuhi moja. Swali lilikuwa na yesterday.

Shangazi Tumpe, 19:50
Basi ile niliyokupa mwanzo iache. Jibu ni "If I had woken up earlier, I would not have missed the bus."

Baba mdogo, 19:53
Nijaribu na mimi. Kuna mteja wangu anaongea mbio. "If she spoke more slowly, I would understand better her."

Shangazi Tumpe, 19:55
Nusu ya kwanza safi. Ya pili, her itangulie: understand her better. Sisi tunasema ningemwelewa, yule mtu yumo ndani ya kitenzi, ile -mw-. Kiingereza kinamtoa nje, na akitoka anasimama kando ya kitenzi. Better inangoja nyuma yake.

Bupe (simu ya mama), 19:58
"If Bibi lived nearer, I would visit her more often."

Shangazi Tumpe, 19:59
Would moja, her iko mahali pake, nearer sawa, more often sawa. Hongera mwanangu. Sasa mwandikie bibi kwa Kiswahili, yupo humu anasoma.

Bupe (simu ya mama), 20:01
Bibi, ungekaa karibu zaidi, ningekuja kukuona mara nyingi zaidi.

Bibi Tukuyu, 20:06
Ndaga, asante mjukuu wangu. Jumatatu panda Kosta ya asubuhi. Ndizi zipo, na uje na sweta, huku mvua haijaacha.