400mm ya mtumba au Nikon P950 kwa korongo wa Dunga?

Mpenda_Mafunjo: Wadau, hamjambo. Nataka kununua kabla mwezi haujaisha. Nimebaki na mbili: lenzi ya Canon 400mm f/5.6 ya mtumba, au Nikon P950, kamera yenye lenzi yake isiyotoka. Ni ya kupiga picha ndege korongo huku Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria, Kisumu. Ipi?

Nyar_Usoma: Kaka, hujasema una kamera gani wala pesa ngapi. Unapigia nchi kavu au mashuani? Na korongo yupi? Huku hata marabu anaitwa korongo.

Mpenda_Mafunjo: Samahani dada. Nina Canon 80D na elfu 90. Napigia mashuani, alfajiri. Namtaka goliathi, yule korongo mkubwa kabisa, na yule mweusi anayetandaza mabawa kama mwavuli juu ya maji.

Mzee_wa_Ahero: Chukua 400. Kwa 80D inavuta kama lenzi ya 640mm, na uzito ni kilo moja na robo tu. P950 inafika 2000mm kweli, lakini sensa yake, kile kipande kinachonasa mwanga, ni ndogo mno. Alfajiri utapata chengachenga tupu.

Nyar_Usoma: Shikamoo mzee, lakini hapo napinga. Hiyo 400 haina kizuia mtikisiko. Mashua ikiyumba itabidi apandishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), chengachenga ni zilezile.

Mzee_wa_Ahero: Marahaba binti. Kizuia mtikisiko hakimzuii ndege kuruka. Goliathi akifungua mabawa unahitaji kasi, basi.

Picha_Nakuru: Kabla hamjamaliza kubishana, mtumba uchunguzwe. Mwaka juzi nilinunua lenzi kwa muuzaji mmoja, nikaiangalia dukani chini ya taa ya dari, ikaonekana safi kabisa. Nikaenda nayo ziwani Nakuru asubuhi, jua likiwa mbele yangu, korongo wa kijivu kasimama kwenye miti iliyokufa majini. Picha zote zikatoka na weupe kama moshi. Nyumbani nikamulika tochi kutoka nyuma ya lenzi: ukungu umetambaa ndani kama utando wa buibui. Fundi akasema umeshakula kioo. Muuzaji hakupokea simu tena. Iliniuma sana, ilikuwa akiba ya miezi minane. Mulika tochi, ndugu yangu, pande zote mbili.

Nyar_Usoma: Pole sana. Na unyevu wa ziwa hili unaukuza huo ukungu haraka. Usiache lenzi mkobani usiku.

Mwana_wa_Pwani: Mimi nauliza, mbona mnasema korongo? Kwetu huyo ni kulasitara. Mweupe ni yangeyange.

Mzee_wa_Ahero: Huku mweupe ni okok, hata mtoto anamjua, anafuata ng'ombe. Mpenda_Mafunjo, acha mashua kwanza, njoo mashamba ya mpunga Ahero. Utapiga ukiwa umesimama kwenye tuta, hakuna kuyumba.

Picha_Nakuru: Ila mkienda penye viota, kaeni mbali. Wazazi wakiruka, makinda yanabaki juani na kunguru wako pale pale.

Mpenda_Mafunjo: Asanteni. Mwenye 400 anataka jibu Ijumaa, nitaenda na tochi. Mzee, Ahero ni asubuhi saa ngapi?

Mzee_wa_Ahero: Saa kumi na mbili na nusu uwe tutani. Vaa gambuti.