Mjadala: Dume wa mbegu achaguliwe kwa takwimu au kwa macho?

Mfugaji wa Marafa: Kikundi chetu kinakusudia kununua madume wa kondoo wa aina ya Dorper kutoka bara. Muuzaji ametuonyesha karatasi ya makisio ya urithi, yaani namba zinazokadiria ubora wa damu ya mnyama, ambamo dume mmoja ameandikiwa kilo 4 juu ya wastani kwa uzito wa kuachishwa ziwa. Naomba tujadili kama namba hizi ziwe sharti la ununuzi. Mimi nasema ziwe sharti, kwa kuwa dume aliyenona huenda amelishwa vizuri tu, na shibe hairithiwi. Wazee wetu walichagua kwa macho kwa sababu hawakuwa na kumbukumbu.

Bin Witu: Ndugu yangu, hapo kwa wazee hukuwatendea haki. Marehemu babu yangu hakuandika, lakini alimjua kila kondoo, mama yake na bibi yake, na jike aliyezaa mapacha mwaka wa ukame akawalea wote wawili hakumsahau. Hiyo kama si kumbukumbu ni nini? Tena alikagua meno, kwato na korodani kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Bi Gede: Bwana wa Witu, hakuna aliyemvunjia babu yako heshima, na ukaguzi wa korodani haukufutwa na takwimu. Kilichonishtua mimi ni hizo kilo 4. Dume humpa mtoto nusu tu ya urithi wake, kwa hiyo tarajieni wastani wa kilo 2 zaidi kuliko watoto wa dume wa kawaida, wakilelewa kwa malisho yale yale. Ulizeni pia makisio yamesimama juu ya nini, kwani dume aliyepimwa peke yake hatoi uhakika sawa na yule ambaye makumi ya watoto wake wamepimwa.

Mwana wa Hindi: Mama, hesabu yako ni sahihi, ila hiyo kilo imepimwa wapi? Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha Dorper na kondoo wekundu wa Kimaasai kule Diani, pwani yetu hii hii. Wekundu walitoa mayai machache zaidi ya minyoo kwenye kinyesi, na wanakondoo wao walikufa kwa uchache. Karatasi ya uzito haisemi lolote juu ya masika ya Witu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kondoo, mwenyeji anamezwa na uchotara.

Bi Gede: Mwanangu, usimfanye Dorper mgeni mtupu. Alitengenezwa Afrika Kusini kwa kupandisha Dorset Horn na kondoo wa Kiajemi mwenye kichwa cheusi, ambaye asili yake ni Usomali, jirani zetu wa Lamu.

Mwana wa Hindi: Usomali ni kukavu, Mama. Minyoo hustawi penye unyevu, na damu ya ukame haitamsaidia mwanakondoo kwenye nyasi zilizolowa mwezi wa Mei.

Bin Witu: Babu aliwatenga mapema waliovimba chini ya taya, wala hakuwaacha wazae. Hiyo ndiyo dalili ya minyoo, nayo aliisoma kwa macho.

Bi Gede: Uvimbe huonekana damu ikiwa imekwisha kupungua, Bwana wangu. Australia huchapisha makisio ya mayai ya minyoo kwenye kinyesi, na namba ndogo ndiyo njema. Hiyo ndiyo safu ya kumdai muuzaji.

Mfugaji wa Marafa: Nimempigia simu. Safu hiyo hana. Ana uzito pekee. Ununuzi tumeuahirisha hadi baada ya masika, na anayeweza kutuhesabia mayai ya minyoo kwa hadubini hapa Malindi atuarifu gharama yake.