Tupeane uzoefu: samaki wanakufa na vipimo vya maji havionyeshi kasoro

Ndugu wafugaji wa samaki wa mapambo, nawasalimu.

Nina tangi la kioo la lita 120 hapa Tabata, Dar es Salaam, ambalo limekaa sebuleni kwetu kwa mwaka wa tatu sasa. Mwezi uliopita nilikuwa na gapi 18, moli 6 na koridora 4. Leo asubuhi nimehesabu gapi 5, moli 3 na koridora 2. Hawafi kwa mkupuo. Wanakufa watatu, kisha panakuwa shwari kwa siku kadhaa hadi nianze kuamini kwamba balaa limepita, halafu wanakufa wengine wanne.

Nimepima maji kila baada ya siku mbili. Amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ni sifuri, nitriti ni sifuri, nitrati haizidi miligramu 20 kwa lita, pH (kipimo cha tindikali, ambacho hushuka tindikali inapozidi) ni 7.6 na joto ni nyuzi 28. Sioni vidoa vyeupe, mapezi hayajaliwa, matumbo hayajavimba. Maji ya bomba nayalaza kwenye pipa siku mbili kabla ya kuyatumia, na nabadilisha robo kila Jumatano.

Nieleze nilichokishuhudia kwa macho yangu. Jumapili alfajiri nilimkuta moli mweusi akizunguka kama pia, akijigonga kwenye kioo, kisha akatulia ubavuni juu ya changarawe huku mapezi ya kifuani yakitetemeka haraka haraka. Nilimhamishia kwenye bakuli la maji safi na nikakaa naye. Baada ya saa moja hivi akafa, rangi yake ikiwa bado nyeusi inayong'aa, bila jeraha lolote.

Sitaki kununua dawa kabla sijajua ninatibu nini. Kwa hiyo namwomba kila aliyewahi kupoteza samaki bila kuelewa, kisha baadaye akaelewa, atueleze maji yake yalitoka wapi, ni kitu gani kilibadilika nyumbani siku mbili tatu kabla ya vifo, na hatimaye aligunduaje.

Kutoka Nairobi

Pole sana, mleta mada. Mimi nilipoteza samaki 9 ndani ya siku tano, na kosa lilikuwa usafi. Nilikuwa nimesafiri kwenda Kisumu, na msaidizi wetu wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, alitoa sifongo la chujio akalisugua chini ya mfereji mpaka likawa jeupe. Niliporudi nilimsifu kwa kazi nzuri. Siku ya tatu samaki walikuwa juu ya maji wakihema, na kipimo cha amonia kilisoma miligramu 2 kwa lita katika tangi ambalo kwa mwaka mzima lilikuwa likisoma sifuri.

Ule ute wa kahawia ulioonekana kuwa uchafu ndimo walimoishi bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Maji ya mfereji yenye klorini yaliwaua, na tangi likarudi kuwa kama tangi jipya, ambalo kwa kawaida huhitaji wiki nne hadi sita kabla halijakomaa. Tangu siku hiyo sifongo huoshwa ndani ya ndoo yenye maji yaliyotolewa kwenye tangi lenyewe, na hukamuliwa tu bila kusuguliwa. Lakini kwa kuwa amonia yako ni sifuri, ugonjwa wangu sidhani kama ndio wako.

Kutoka Mombasa

Kwangu ilikuwa pumzi. Nilipenda majani mengi ndani ya tangi, na sikujua kwamba usiku mimea huacha kutoa oksijeni na badala yake huitumia, sawa na samaki wenyewe. Mwezi wa Machi joto la chumba lilipanda, stima ikapotea saa nne usiku na ikarudi saa kumi na moja alfajiri. Maji ya nyuzi 20 yakishiba hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa kila lita, na ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu, kwa hiyo akiba yenyewe ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Nilipoamka wakubwa wote walikuwa wamekufa na wadogo wote walikuwa hai. Hiyo ni alama ya kukumbuka, kwa sababu katika ukosefu wa hewa mara nyingi hutangulia mkubwa anayehitaji nyingi. Nilipopima mchana, pampu ikiwa imeshafanya kazi saa nyingi, maji hayakuwa na kosa lolote. Sasa nina pampu ndogo ya betri inayojiwasha yenyewe stima inapokatika.

Mleta mada, je, waliotangulia kwako walikuwa wakubwa?

Mleta mada

Ahsanteni sana. Hapana, wamekufa wakubwa kwa wadogo, na sijawaona wakihema juu ya maji. Umeme umekatika mara mbili tu mwezi huu, na siku hizo hakufa hata mmoja.

Kutoka Dodoma

Mimi naongeza neno moja kuhusu dawa. Niliona samaki wawili wamekufa, nikaenda duka la dawa za binadamu nikanunua vidonge vya tetrasaiklini, nikavifungua na kuvimwaga ndani ya tangi. Dawa za kuua bakteria zinaweza kumwua aliye mbaya na kumdhuru aliye mwema ndani ya chujio. Amonia ilipanda wiki hiyo hiyo, na wakafa 12 ambao huenda hawakuwa wagonjwa. Uamuzi wako wa kusubiri ni sahihi.

Kutoka Bukoba

Mimi ni mwalimu mstaafu, na nitaomba radhi kwa urefu wa maelezo yangu, kwa sababu kisa hiki kilinichukua miezi kukielewa.

Huku kwetu mvua si haba, kwa hiyo tangi langu nililijaza maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye mabati. Niliyaona kuwa ndiyo maji safi kuliko yote, hayana klorini wala chumvi. Kwa miezi minane barbi wangu 11 walikuwa wazima, wakila na kukimbizana. Kisha tukawa na wageni wa harusi ya binti yangu, nami nikataka tangi lipendeze. Nikatoa nusu ya maji na kujaza mengine kutoka kisima cha jirani. Kabla ya saa mbili kupita, wote 11 walikuwa wamelala chini, mashavu yakipanda na kushuka kwa kasi, na kufikia jioni alikuwa amebaki mmoja. Kila mtu alisema kisima kina sumu. Mimi mwenyewe nilimwambia jirani yangu hivyo, na nilikuja kumwomba radhi baadaye, kwa sababu nilikuwa nimemsingizia.

Kilichoniokoa ni ndoo. Maji ya zamani sikuyamwaga. Niliyaweka nyuma ya jiko ili nimwagilie nyanya. Kijana mmoja anayesomea uvuvi alipokuja msibani kwetu, maana kweli nilikuwa kama mfiwa, alipima maji ya kisima akakuta hayana amonia na pH yake ni karibu na 8. Kisha akapima maji ya ile ndoo. pH ilikuwa 5.8, na rangi ya kipimo cha amonia ilifika mwisho wa kadi, miligramu 8 kwa lita. Maji waliyoishi humo samaki wangu wakiwa na furaha ndiyo yaliyokuwa na amonia yote ile.

Maelezo yake ni haya. Bakteria wa kwenye chujio wanapoigeuza amonia huacha tindikali, na tindikali hiyo hula madini yanayoizuia pH isiporomoke. Kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia hula takriban miligramu 7 za kinga hiyo. Maji ya mvua hayana kinga ya kutosha tangu mwanzo, kwa hiyo pH ilishuka polepole, na iliposhuka chini ya 6 bakteria wenyewe walidhoofika na amonia ikaanza kujikusanya. Samaki hawakufa kwa sababu katika maji yenye tindikali karibu amonia yote hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo madhara yake ni madogo. Mimi nilipoleta maji ya kisima, pH ikaruka, na sehemu ya amoniamu ile ikageuka kuwa amonia yenye sumu ndani ya dakika chache. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. pH ikiwa 8, ni kama asilimia 5. Kwenye pH 6 haifiki hata sehemu ya kumi ya asilimia moja. Hapo bado hujahesabu mshtuko wa pH yenyewe kuruka ghafla.

Tangu hapo sibadilishi zaidi ya sehemu moja ya tano kwa mara moja, huchanganya maji ya mvua na ya kisima, na hupima pH ya maji yaliyomo pamoja na ya yanayoingia kabla hayajakutana. Na maji ya zamani siyamwagi mpaka kesho yake.

Kutoka Kigoma

Nakubaliana na mwalimu. Ziwa Tanganyika lina pH kati ya 8.6 na 9, kwa hiyo sisi tunaofuga samaki wake hatuna nafasi ya kuzembea na amonia hata kidogo, kwani ikitokea tu, sehemu yake isiyo ndogo ni sumu. Ila vifo vyangu mimi vilitokana na chakula. Samaki wa jamii ya Tropheus hukwangua mwani kwenye mawe siku nzima, nami niliwapa minyoo iliyogandishwa nikidhani nawaenzi. Matumbo yalivimba, wakaacha kula, wakafa mmoja mmoja kwa wiki mbili. Maji yalikuwa safi muda wote.

Kutoka Muscat

Huku kwetu tangi la maji ya nyumba hukaa juu ya paa, na kiangazi bomba la maji baridi hutoa maji ya moto. Nilibadilisha theluthi ya maji mwezi wa Julai bila kuyapima kwa mkono, sembuse kwa kipimajoto, ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Samaki walikufa kwa joto, wala sikuhitaji uchunguzi. Sasa maji hulala chumbani humo humo usiku kucha kabla ya kutumika.

Kutoka Tanga

Kaka wa Tabata, nimekisoma kisa cha moli wako mara tatu. Samaki anayezunguka kama pia, anayetetemeka mapezi na kufa akiwa na rangi yake nzuri, huyo ameguswa kwenye mishipa ya fahamu. Naomba unijibu maswali mawili: pampu yako ya hewa imewekwa wapi, na hapo nyumbani mnajikinga na mbu kwa njia gani?

Nauliza kwa sababu mimi nilipoteza tangi zima kwa dawa ya mbu. Dawa nyingi za kupuliza za kopo, na zile za duara za kuchoma, zina viuadudu vya jamii ya pairethroidi. Mtu na kuku huvivumilia kwa kiasi, lakini samaki hawezi kuvivunja mwilini haraka, na maikrogramu chache tu katika lita ya maji zinaweza kumwua. Nami nilikuwa mwangalifu: kila nilipopuliza nilifunika tangi kwa kanga. Nilisahau kwamba pampu ilikuwa sakafuni nyuma ya kochi, ikivuta hewa ile ile ya chumba na kuisukuma ndani ya maji usiku mzima. Kanga ilikuwa inawafungia sumu ndani. Vipimo vyetu vya amonia na nitriti haviwezi kuonyesha kitu hicho kamwe.

Mleta mada

Dada wa Tanga, nimesoma ujumbe wako nikainuka kwenda kuangalia. Pampu yangu iko sakafuni, chini ya dirisha, na pembeni yake, hatua moja tu, kuna kisahani chenye majivu ya dawa ya kuchoma. Mama mkwe wangu alifika kutoka Korogwe mwishoni mwa mwezi juzi, hulala sebuleni siku ambazo wajukuu wanajaa chumbani, na siku hizo huwasha dawa karibu na dirisha kwa sababu mbu huingilia hapo. Nimefungua daftari langu la vifo. Nilikuwa nimeandika tarehe, vipimo na idadi, lakini sikuandika nani alilala wapi. Nimekaa na mke wangu tukakumbuka usiku mmoja mmoja: mara nne kati ya tano, vifo vilifuata usiku wa mama kulala sebuleni.

Sijamwambia mama jambo hili na sitamwambia, maana angehuzunika mno. Anawapenda hao samaki na ndiye anayewalisha asubuhi. Leo nimemfungia chandarua pale sebuleni, nikamwambia dawa ya moshi inamkera mtoto kifuani, jambo ambalo nalo ni kweli. Pampu nimeihamishia juu ya kabati la ukumbini, mrija wake ukipita juu ya mlango. Nimebadilisha robo ya maji leo na nitarudia kesho kutwa, na nimeweka mkaa maalumu wa chujio, ambao nimeambiwa hunasa mabaki ya viuadudu. Nitarudi na idadi.

Mleta mada, wiki sita baadaye

Gapi 5, moli 3, koridora 2. Hajafa hata mmoja, na mama bado yupo. Jana moli mmoja amezaa, tumehesabu vifaranga 14 kwenye majani kabla hawajajificha, na nimewatenga na wakubwa kwa wavu. Yule mwenye swali la oksijeni alinifundisha jambo pia: nimenunua pampu ya betri, nayo iko ukumbini pamoja na mwenzake.

Kwenye daftari nimeongeza safu moja pembeni ya vipimo, ya kuandika kila kilichopulizwa, kilichochomwa, kilichopakwa rangi au kufuliwa ndani ya nyumba siku hiyo. Uzi uko wazi kwa wengine wenye visa vyao.